Watamu au Kisite: kamera yako ielekee wapi?

Kati ya hifadhi hizi mbili za baharini za pwani ya Kenya, kwa sisi wa Nairobi Watamu ni rahisi zaidi kufika: ndege hadi Malindi, halafu gari kidogo. Kwenda Kisite-Mpunguti unashuka treni ya SGR Miritini, Mombasa, unaendelea kusini hadi Shimoni, kisha unapanda mashua. Siku nzima imekwisha.

Gharama? Kisite itakula zaidi, kwa sababu bila mashua hupigi picha.

Ila mwanga ndio unaoamua. Watamu, hifadhi ya baharini tangu 1968, jua huchomoza baharini, na siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakitoka yanaacha miamba ya matumbawe imesimama wazi, sehemu zake za chini zimeliwa na mawimbi. Jioni unahamia Mida Creek, hori la bahari lililo jirani, jua likizama nyuma ya mikoko. Mandhari mbili, kituo kimoja! Kisite inashinda kwa rangi ya maji, hasa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Kusi ikivuma, mashua inayumba na lenzi inajaa chumvi.

Una wikendi tu na stendi ya kamera? Watamu. Una wiki, mnagawana mashua? Kisite.