Samaki mpya hagusi chakula? Nunua kwa mpangilio huu

Chakula cha kwanza cha samaki mpya wa mapambo usikichague kwa picha iliyo kwenye kopo. Kichague samaki akiwa bado kwenye tangi la muuzaji: omba alishwe mbele yako. Akikirukia, uliza ni chakula gani, na uondoke na kidogo cha hicho hicho, hata kama ni zile chenga za bei poa zinazopimwa kwa kijiko. Asipokigusa, mwache hapo hapo dukani.

Hiyo ndiyo namba moja yangu, na wengi huiruka kwa sababu kopo la ng'ambo linapendeza zaidi. Samaki aliyetikiswa kwenye mfuko njia nzima, akakuta maji mageni na wenzake wenye ubabe, usimwongezee na chakula kigeni. Siku ya kwanza usimpe kitu. Zima taa, ajifiche. Siku mbili tatu bila kula hazimdhuru samaki mzima mwenye afya; wengi huvumilia hata wiki, ingawa vifaranga hawawezi. Kinachoua ni huruma yetu: tunamwagia chakula, hakiliwi, kinaoza chini, amonia, sumu ya uozo huo, inapanda, naye anazidi kukosa hamu. Kilichobaki baada ya dakika tano kitoe kwa wavu.

Siku ya nne akiwa bado anatia mdomoni na kutema, sasa fungua pochi.

Namba mbili ni artemia ya kugandishwa. Ni vijidudu vya maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba, na vina harufu inayowaamsha samaki wengi, gapi na beta wakiwemo. Yeyusha kipande kwenye kikombe chenye maji ya tangi, chuja, mpe kidogo. Tatizo ni umeme. Artemia iliyoyeyuka ikagandishwa tena itupe, na kama muuzaji naye friza yake huzimika kila mara, tazama vipande ndani ya pakiti: vikiwa vimeshikana bonge moja, vimeshayeyuka siku nyingine. Ukikosa ya kuaminika, nunua mayai yake makavu. Chupa ya maji yenye chumvi kama gramu 25 kwa lita, pampu ya hewa, nyuzi joto 26 hadi 28, na ndani ya saa 24 hadi 36 yanaanguliwa. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hutahitaji hata hita. Ila watoto hao ni wadogo mno. Samaki mkubwa hatawaona.

Namba tatu hainunuliwi: viluwiluwi vya mbu. Beta aliyegoma siku tano hubadili msimamo akiona kitu kinajinyonganyonga juu ya maji. Tega ndoo ya maji safi, si ya mtaro, na uvue vyote kila baada ya siku mbili, kwa sababu kwenye joto letu kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi. Mimi niliwahi kuisahau ndoo nyuma ya jiko. Sitaeleza zaidi.

Minyoo myekundu naiweka ya nne, ingawa ndiyo wauzaji wengi husukuma kwanza. Si minyoo hasa, ni viluwiluwi vya usubi fulani asiyeuma. Iliyogandishwa ni bora kuliko kavu, na vumbi la ile kavu huwapa baadhi ya watu chafya na macho kuwasha, kwa hiyo tumia kijiko, si vidole.

Na hapa ndipo watu wetu hupoteza samaki wa maana. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, pamoja na mbuna wengi wa Ziwa Nyasa, hukwangua mwani kwenye miamba. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umeumbwa kwa mwani. Ukimbembeleza kwa minyoo myekundu atakula, tena kwa pupa, kisha tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, na hapo kumwokoa ni bahati. Kwa hao mpangilio wangu hauna kazi: nunua chakula cha spirulina (aina ya mwani), chembe ndogo zinazozama, na umwekee kipande cha tango au njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Tropheus pia hugoma kwa kuonewa. Ukimnunua mmoja au wawili, mbabe hatamwacha mwenzake asogelee chakula. Wafugaji huwaweka kumi na zaidi ili ubabe ugawanyike.

Mwisho kabisa naweka dagaa wa kusagwa na chakula cha sato wa kufugwa. Ni rahisi kupatikana, lakini dagaa huacha mafuta juu ya maji, na punje za sato nyingi ni kubwa kuliko mdomo wa samaki wa mapambo. Kitunguu saumu? Tone moja la maji yake kwenye chenga kavu wafugaji wengi hulisifu. Lijaribu kabla ya kununua dawa ya kuongeza hamu, maana lipo jikoni tayari.

Chochote utakachochagua, chukua kopo dogo. Chakula kikavu kikishafunguliwa vitamini zake hupungua, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo nunua cha kuisha ndani ya miezi mitatu hivi. Lile kopo kubwa la bei ya punguzo, ligeuze kwanza usome tarehe.