Kipimajoto cha betri: nimeachana na cha zebaki

Nimekitumia miezi mitano kwa watoto wawili. Nilikinunua duka la dawa hapa Tanga, shilingi 7,000. Unakiweka kwapani, kinalia, namba ni kubwa hata mama anazisoma bila miwani.

Kile cha kioo kilinivunjikia kitandani. Punje za zebaki zikatawanyika shukani, nyingine zikaingia kwenye nyufa za sakafu. Niliwatoa watoto, nikafungua madirisha, nikazikusanya kwa karatasi ngumu, nikazifungia chupani. Sikufagia, maana ufagio huzitawanya, na mvuke wa zebaki ni sumu. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipimajoto vya zebaki baada ya 2020. Minamata ni mji ambao watu wake waliumia na kufa kwa kula samaki wenye zebaki.

Kasoro ya hiki cha betri: kifuniko cha betri kinafunguka upesi mno, na kibetri kile mtoto akikimeza ni hatari kubwa. Nimekizungushia selotepu.

Ile chupa bado iko juu ya kabati. Dukani waliikataa, na jalalani siipeleki.