Kiti changu cha tairi tatu, miezi nane kwenye mchanga

Jamani wengi mnaniuliza inboksi kama hiki kiti cha magurudumu kinafaa, ngoja niseme hapa wote msome. Mie nakaa Kigamboni, ndani ndani huko, mchanga mtupu, na kuanzia kiunoni kushuka sina hisia tangu ajali ya bodaboda 2019.

Kiti cha kwanza nilipewa bure, kile cha kukunja, vitairi vya mbele vidogo kama vya toroli la supamaketi. Kwenye marumaru kinaenda safi, ila kikigusa mchanga vitairi vinazama, kiti kinagoma wewe unaenda mbele. Nimeanguka mara mbili pale gengeni mpaka nikawa sitoki, nasubiri dogo arudi shule anisukume. Halafu kilikuwa kipana mno, nakaa nimeegemea upande mmoja, na mto ni sponji tu imeshalala. Kidonda cha kalio kilichonilaza miezi minne kilianzia hapo. Walionigawia walinikalisha wakapiga picha wakaondoka, hakuna aliyenipima hata nyonga.

Hiki cha sasa kina tairi mbili kubwa nyuma na moja mbele, na hilo la mbele limesogezwa mbali na miguu, ndo maana hakipinduki kirahisi na mchanga kinapita. Tairi za nyuma zinachukua tyubu ya baiskeli, ikipata pancha fundi baiskeli wa hapo kona anaziba dakika kumi, sihitaji kwenda mjini. Nyanya gengeni nachagua mwenyewe siku hizi.

Ubaya upo. Ni kirefu, kugeuza chooni ni kazi, na daladala sahau, bajaji ndo kinaingia ukichomoa tairi za nyuma. Bei nayo inauma, mie nilichangiwa na ndugu na watu wa msikitini. Na ule mkataba wa UN wa haki zetu watu wenye ulemavu, Tanzania iliuridhia 2009, kifungu cha 20 kinataka vifaa bora vya kutembelea vipatikane kwa bei mtu anayoimudu, sasa mimi bila michango ningekuwa bado ndani.

Ila kilichoniokoa zaidi ni kupimwa na wataalamu wa hiki kiti cha sasa. Nyonga, paja, goti mpaka kisigino, wakaangalia na ngozi, kisha wakanifundisha kushuka na kupanda kitandani na kujiinua kwa mikono mara kwa mara damu ipite. WHO, shirika la afya duniani, waliandika tangu 2008 kwamba kutoa kiti kuna hatua nane, na ufuatiliaji na matengenezo ni mojawapo. Mto wakaujaribu hivi: umekaa, mtaalamu anapitisha vidole chini ya mfupa wa kalio, ncha zikicheza juu chini uko salama, zikibanwa mpaka kuzitoa shida basi mto huo haukufai. Mwambieni yeyote anayewapa kiti awafanyie hivyo, msione aibu, ni mwili wako.

Na ukishapata kiti kizuri bado nunua kioo kidogo cha mkono, kila jioni jikague kalio na visigino. Ngozi yetu nyeusi uwekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa pia, ukisikia pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni usipakalie kabisa, lala kifudifudi mpaka parudi kawaida, na pasiporudi kesho yake nenda hospitali.