Kupiga kromu upya rodi za kijiko: uzoefu wangu Tanga

Rodi ni mbili, za silinda zinazoinua mkono wa kijiko (ekskaveta) kinachochimba mawe ya chokaa upande wa Amboni. Zilikuwa zimekwaruzika na kuvujisha oili, zikapelekwa karakana kupigwa upya kromu ngumu (tabaka gumu la chuma cha kromu) badala ya kununuliwa mpya. Nyota nne kati ya tano.

Kazi ya mashine haina lawama. Mafundi walianza kwa kupima unyoofu, maana rodi iliyopinda itakula sili (pete inayozuia oili kuvuja) upande mmoja hata ing'ae vipi. Kromu ya zamani ikatolewa yote, chuma kikasagwa hadi mikwaruzo ikaisha, ikapigwa kromu nene kuliko inayotakiwa, kisha ikasagwa kurudi kipimo cha awali. Dai upimiwe unene kwa maikromita (kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana) mbele yako, mwanzo, katikati na mwisho wa rodi.

Wengi huangalia mng'ao tu. Ukwaru wa uso ndio wa kuulizia: Ra, yaani wastani wa ukwaru, iwe kati ya mikroni 0.1 na 0.3 hivi. Ukizidi hapo, rodi inakuwa msasa kwa sili. Ikiwa laini kupita kiasi nayo haishiki utando wa oili, sili inakauka, inapata moto, na mkono ukishuka polepole utausikia unalia. Hakuna kifaa cha kupima ukwaru? Futa rodi kwa soksi ya nailoni. Panaponasa uzi ndipo patakapochana sili.

Badilisha sili na waipa (pete ya nje inayofuta vumbi kwenye rodi) siku hiyohiyo, za zamani zimeshakula mchanga. Na ni mchanga kweli, si chokaa: vumbi la chokaa ni laini mno kuikwaruza kromu, ila punje za mchanga zilizochanganyika nalo ni ngumu na zinaweza kuikwaruza.

Sasa nyota iliyopotea. Kromu ngumu ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na unyevu wa chumvi hupenya humo hadi kwenye chuma. Karakana haikuweka tabaka la nikeli chini ya kromu kuuzuia unyevu huo wala haikuuliza rodi zitafanya kazi wapi. Vidoa vya kahawia vimetokea mahali pamoja tu, kile kipande kinachobaki nje kijiko kikiegeshwa, kwa sababu hakipati oili. Kutu hiyo huinua kromu kutokea chini, ibanduke vipande, na kipande kimoja kikiingia kwenye sili oili inaanza kuvuja tena. Kwa mashine ya Korogwe nisingehangaika na nikeli. Hapa mjini, karibu na bahari, lipia.

Kama rodi zako hazina nikeli, egesha mkono ukiwa chini ili ziingie ndani ya silinda. Isiyoweza kuingia ipake grisi nyepesi jioni, na asubuhi uifute yote kabla ya kuwasha, la sivyo vumbi litaganda humo na waipa italivuta.