Marlboros ya Toronto na Junior Canadiens ya Montreal

Timu mbili za vijana za hoki ya barafu nchini Kanada, zote hazipo tena kwa majina hayo. Kwa hesabu ya makombe, Toronto iko mbele sana: Kombe la Memorial, ubingwa wa hoki ya vijana Kanada, mara 7, kuanzia 1929 hadi 1975. Montreal ilibeba mara 3 tu, 1950, 1969 na 1970.

Hata hivyo, moyo wangu uko Montreal. Pale alikuwepo Gilbert Perreault, akiteleza na kupiga chenga, kile kisahani cheusi kimeganda kwenye gongo lake. Walitetea kombe, na mwaka huohuo wa 1970 Buffalo Sabres, timu ya ligi ya kulipwa ya NHL, wakamchagua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji chipukizi.

Junior Canadiens ilihamia ligi ya Quebec 1972, ikabadilishwa jina. Marlboros ilipelekwa Hamilton 1989, kisha Guelph 1991, inakocheza hadi leo kama Storm.