Konsoli gani ununue: usiiangalie namba ya nguvu peke yake

Ukiingia duka la gemu Kariakoo, muuzaji atakutajia teraflopsi kabla hujauliza bei. Teraflopsi moja ni mahesabu trilioni moja kwa sekunde, na kweli chipu ya picha yenye nyingi ina misuli zaidi. Ila namba hiyo inapima vizuri mashine za rika moja tu. Xbox One X ya 2017 ina teraflopsi 6, Xbox Series S ya 2020 ina 4. Ukifuata namba utachukua ya zamani, kumbe Series S ina prosesa yenye kasi kubwa kuliko ile, ina SSD, yaani hifadhi ya chipu yenye kasi kubwa, badala ya hadidiski inayozunguka, na inacheza gemu mpya ambazo One X haitaziona kamwe.

Mambo haya hayakuanza leo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya PS2, tunasubiri zamu tukiwa tumefinya sarafu kiganjani, hatukujua kwamba tunachezea mashine dhaifu. PS2 ya mwaka 2000 ilikuwa na prosesa ya megahezi 294 na memori ya MB 32. Xbox ya kwanza ilikuja 2001 na megahezi 733 na MB 64. Chipu zenyewe zilijengwa tofauti, kwa hiyo megahezi hazitoshi kupima, lakini Xbox ndiyo iliyokuwa na nguvu. Matokeo? PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150, Xbox ikaishia kama milioni 24. PS2 ilitangulia, ilicheza DVD za sinema, na gemu zilikuwa zimejaa tele.

PS3 inafundisha zaidi. Ilipotoka 2006, chipu yake ya Cell ilisifiwa sana, na kwenye karatasi ilitisha. Kuiandikia programu kulikuwa kazi ngumu mno, na memori yake ilikatwa vipande viwili vya MB 256, kimoja cha prosesa na kingine cha picha. Xbox 360 ilikuwa na MB 512 za pamoja, mtengenezaji wa gemu anagawa anavyotaka. Ndiyo maana miaka ya mwanzo gemu nyingi zilizotoka kwa mashine zote mbili zilikwenda vizuri zaidi kwenye 360.

Kuna rika moja ambalo namba ilisema kweli mchana kweupe: 2013. PS4 ilikuwa na teraflopsi 1.84, Xbox One 1.31, na memori ya PS4 ilikuwa ya kasi zaidi. Gemu ya Call of Duty: Ghosts ilikwenda 1080p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One; namba hiyo ni mistari ya picha, ikiwa kubwa picha ni kali zaidi. Hiyo unaiona kwa macho ukiwa umekaa kwenye kochi. Lakini 2020 Xbox Series X ilipokuja na teraflopsi 12.15 dhidi ya 10.28 za PS5, gemu nyingi ukiziweka bega kwa bega utatafuta tofauti mpaka uchoke.

Sasa twende kwenye pesa yako.

Namba moja kwangu ni PS5 yenye sehemu ya diski. Nguvu inatosha, SSD yake inasoma GB 5.5 kwa sekunde wakati hadidiski ya PS4 haivuki MB mia moja hivi, na karibu gemu zote za PS4 zinacheza humo. Diski ndiyo inayoniamulia. Unanunua iliyotumika, ukiimaliza unabadilishana na jirani, na bando lako linabaki salama kiasi. Toleo dogo la PS5 la 2023 linakubali kuongezewa sehemu ya diski baadaye, ila siku ya kwanza ya kuiunganisha lazima uwe na intaneti. Ile PS5 ya 2020 isiyo na diski haiongezewi kitu, iache.

Ya pili ni PS4 iliyotumika, Slim au Pro, kwa mwenye bajeti ndogo au anayefungua banda. Mpira bado upo: EA Sports FC 26 imetoka hata kwa PS4. Ujue tu mlango unafungwa. Gemu ya GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee.

Series X yenye sehemu ya diski ni ya tatu. Ni mashine nzuri sana, inasoma hata diski nyingi za Xbox za zamani, lakini mtaani kwetu wa kubadilishana naye CD humpati. Series S inafuata: bei yake rafiki, ila haina diski kabisa, na kila gemu ni makumi ya GB za kushusha. Kama nyumbani kuna intaneti isiyo na kikomo, ipandishe mpaka ya pili.

Switch 2 nunua kwa ajili ya gemu za Nintendo, nguvu isikusumbue. PS5 Pro ina teraflopsi 16.7 na inauzwa bila diski. Bila TV nzuri ya 4K hela nyingi inapotea.

Ukipata ya mtumba, usilipe kabla ya kucheza dakika ishirini gemu nzito, si kuangalia menyu tu. Sikiliza feni. Weka pedi mezani bila kuigusa: mchezaji kwenye skrini akitembea mwenyewe, fimbo ya pedi imechoka. Kama imetoka Marekani, soma kibandiko cha umeme; kisipoandika 100-240V, ya kwetu itaichoma. Na PS5 usikubali fundi aifungue hivihivi kusafisha vumbi. Juu ya chipu yake kuna metali ya majimaji badala ya pesti ya kawaida, na tone likigusa bodi, umeme utapita pasipotakiwa na bodi inaweza kuungua.