Vifo vya barabarani Kenya: takwimu za polisi au makadirio ya WHO?

Mwaka 2016 polisi wa Kenya walihesabu vifo 2,965 barabarani. Kwa mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani (WHO) likakadiria 13,463. Hapo ndipo mabishano huanza.

Tuanze na ukamilifu. Mwendesha bodaboda agongwe usiku, wasamaria wamkimbize hospitali kwa Probox, afe wodini siku ya tisa. Kwa kanuni ya kimataifa ya siku 30 tangu ajali, hicho ni kifo cha ajali; faili la kituoni huenda likabaki limeandikwa "majeruhi". Hapa makadirio yanashinda, ingawa nayo hayakuhesabu maiti mmoja mmoja: ni hesabu za kimodeli, yaani za fomula za takwimu, na ukibadilisha modeli namba inasogea.

Kwa undani, polisi hawana mpinzani. Kumbukumbu zao zina barabara, saa, aina ya gari, na kama marehemu alikuwa abiria au mtembea kwa miguu. Makadirio hayakwambii tuta liwekwe wapi Thika Road.

Uharaka? Polisi tena. Ripoti za WHO zilitoka 2009, 2013, 2015, 2018 na 2023. Subira hiyo si ya kila mtu.

Kwa hiyo mhandisi wa kaunti anayesaka kona hatari achukue za polisi. Anayelinganisha Kenya na Tanzania, au kuombea wodi za majeruhi bajeti, ashike makadirio. Mimi huziweka safu mbili kwenye jedwali moja, na sitafuti wastani wake.